Majina ya Waliozama: Vyombo vya Habari na Wajibu wa Kukumbuka



Kila ifikapo tarehe 10 Septemba, watu wa Unguja na Pemba hurudiwa na msiba ambao hakuna mtaa wala kijiji kisichoujua. Usiku wa kuamkia Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I, iliyokuwa imeng'oa nanga katika bandari ya Malindi ikielekea Pemba, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Sikukuu ya Idi el Fitri ilikuwa haijatimiza wiki mbili tangu ipite, na wengi waliokuwamo walikuwa wakirejea makwao pamoja na watoto wao na mizigo yao. Wavuvi wa Nungwi na wenye boti za watalii walitoka kwenda kuokoa kabla ya kuulizwa na mtu. Miili ililazwa katika viwanja vya Maisara ili jamaa waitambue, na ile isiyotambuliwa ikazikwa huko Kama. Taifa zima likatangaziwa siku tatu za maombolezo.

Katika makala hii hatukusudii kusimulia upya yaliyotokea. Tunataka kutazama namna msiba huu, na mingine inayofanana nao, unavyokumbushwa kila mwaka na redio, televisheni na magazeti yetu. Tunaamini kwamba jambo hili ni la haki na amani kama yalivyo mambo ya ardhi, mishahara na uchaguzi. Taifa lisilowakumbuka wafu wake kwa ukweli haliwezi kuwalinda walio hai.

Tunachokiona na tunachokisikia

Habari ya ukumbusho, iwe ya redioni au ya gazetini, mara nyingi hufuata njia moja. Huanza kwa cheo na jina la mgeni rasmi. Hufuata maneno yake ya kuwataka wananchi wawe na subira na wadumishe amani. Kisha hutajwa viongozi wengine waliohudhuria, kwa mpangilio wa vyeo vyao. Kisha husemwa kwamba dua iliombwa. Na mwisho, ikiwa nafasi ipo, huongezwa sentensi moja kwamba watu kadhaa walipoteza maisha. Msikilizaji anayezima redio baada ya dakika mbili anajua nani aliketi mstari wa mbele. Hajui nani alizama, wala kwa nini alizama, wala kama chombo atakachopanda kesho ni salama kuliko kile.

Miaka mingine hata habari hiyo fupi huwa haipo. Siku hupita, na wanaokumbuka ni wale waliofiwa tu, kila mmoja nyumbani kwake.

Hatusemi kwamba vyombo vyetu havijui kukumbuka. Zanzibar ni nchi ya kale katika utangazaji. Televisheni ilikuwapo hapa tangu miaka ya 1970, ilhali ndugu zetu wa Bara walisubiri mpaka miaka ya 1990. Na kila tarehe 7 Aprili, siku ambayo ni ya mapumziko kwa taifa zima, hitima husomwa Kisiwandui kumkumbuka Mzee Abeid Amani Karume aliyeuawa mwaka 1972. Siku hiyo watangazaji hueleza maisha yake kwa utaratibu na kwa heshima, tangu alipokuwa baharia hadi alipokuwa Rais. Ni vema wafanye hivyo. Tunachouliza ni hiki: ikiwa tunajua kueleza maisha ya baharia mmoja aliyekuja kuwa kiongozi, kwa nini tusijue kueleza japo kwa ufupi maisha ya mama wa Wete aliyekuja mjini kutibiwa, au ya kijana wa Konde aliyekuwa akirudi shuleni? Habari ya namna hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mwandishi aende kwa wafiwa, akae nao ukumbini, asikilize.

Mwenye jina na asiye na jina

Katika Injili ya Luka, Bwana wetu alisimulia habari ya tajiri aliyekula na kusaza, na maskini aliyelala mlangoni pake. Sisi sote tunamjua maskini yule kwa jina: ni Lazaro. Lakini nani kati yetu anajua jina la tajiri? Kristo hakumtaja. Katika hesabu za dunia ingekuwa kinyume, yaani tajiri angetajwa kwa jina, kwa cheo na kwa jina la baba yake, na yule wa mlangoni angeitwa ombaomba mmoja.

Tunaposoma habari za ukumbusho tunaona hesabu ile ile ya dunia. Aliyekuja kwa gari kuhutubia anatajwa kwa majina yake matatu. Aliyekufa anaingizwa katika jumla. Hatuwalaumu viongozi kwa kuhudhuria, kwa maana kuwafariji wafiwa ni wajibu wao. Tunawaomba wahariri wapange upya safu zao, waliokufa watangulie na waliohudhuria wafuate.

Sisi Wakatoliki tunapaswa kulielewa jambo hili upesi. Kila mwezi wa Novemba tunaandika katika karatasi majina ya marehemu wetu na kuyapeleka kanisani ili waombewe. Hakuna anayeandika kwamba anawaombea watu kadhaa. Tunaandika jina la baba, la mama, la mtoto aliyefariki akiwa mchanga. Ndugu zetu Waislamu nao, wanaposoma hitima, humtaja marehemu wanayemwombea. Dini zetu mbili zimekubaliana katika hili bila kuitisha mkutano, kwamba aliyekufa ana jina, na kulitaja ni sehemu ya kumtendea haki.

Zipo nchi jirani zilizolifanya hilo hadharani. Huko Nairobi, mahali palipolipuliwa bomu tarehe 7 Agosti 1998, pametengenezwa bustani ya kumbukumbu, na majina ya waliouawa yamechorwa ukutani. Anayepita pale husoma majina ya makarani, wapita njia na wanafunzi, na mwandishi anayetumwa huko siku ya ukumbusho anakuta habari yake imekwisha kuandikwa nusu. Hapa kwetu, katika viwanja vya Kanisa Kuu la Anglikana, Mkunazini, pana sanamu za watumwa zilizowekwa mwaka 1998, watu waliofungwa minyororo wakiwa wamesimama shimoni. Majina yao hatuyajui tena, lakini aliyezichonga aliwapa nyuso, na kila mgeni anayezitazama huondoka akijua kwamba waliouzwa katika soko lile walikuwa watu.

Ukweli wa hesabu

Jambo la pili ni ukweli. Baada ya ajali ya Spice Islander ilitajwa idadi ya maiti 203 zilizopatikana. Rais Ali Mohamed Shein aliunda tume ya uchunguzi, na mwanzoni mwa mwaka 2012 matokeo yake yakatangazwa. Yalionyesha kwamba waliokuwamo melini walizidi 2,000, ilhali chombo kiliruhusiwa kubeba abiria wapatao 600. Na kwamba zaidi ya watu 1,000 hawakuonekana kabisa. Wazamiaji walikuja kutoka Afrika Kusini, lakini kina cha bahari na nguvu ya mkondo viliwashinda.

Basi mwandishi anapotaja 203 peke yake, mwaka baada ya mwaka, anawaacha nje watu wengi mara tano kuliko wale aliowataja. Pengine hana nia mbaya. Amenakili habari ya mwaka jana, nayo ilinakiliwa kutoka ya mwaka juzi. Lakini tufikiri juu ya jamaa za wale wasioonekana. Hawana kaburi la kuzuru, si Kama wala kijijini kwao. Mke ambaye mwili wa mumewe haukupatikana aanze lini kuhesabu eda yake? Watoto wadai vipi mirathi ya baba ambaye hakuna aliyeshuhudia akizikwa? Watu kama hawa, wakisikia redioni idadi isiyomhesabu mtu wao, wanaambiwa kwa njia nyingine kwamba hakuwamo melini. Ni dhuluma ndogo kwa anayesoma habari, na ni kubwa kwa anayesikiliza.

Katika ukweli huo tunaingiza pia heshima. Picha za maiti zilizolazwa Maisara zilikuwa na kazi siku zile, kwa sababu jamaa walikuwa wakitafuta watu wao. Kuzirudisha katika ukurasa wa mbele miaka kadhaa baadaye, bila kuwauliza wafiwa, ni kuwafanya marehemu chambo cha kuuzia gazeti. Sisi tulimpoteza Padre Evarist Mushi, aliyepigwa risasi Mtoni tarehe 17 Februari 2013, asubuhi ya Jumapili, akielekea kuadhimisha Misa. Tunajua faraja iliyomo katika habari inayomweleza padre yule kuwa mchungaji na jirani wa watu, na tunajua uchungu unaoletwa na habari inayomtumia kuchochea chuki kati ya Waislamu na Wakristo. Tunalotamani litendwe kwa marehemu wetu, yatupasa tulidai kwa ajili ya marehemu wa wenzetu.

Kudra ya Mungu na uzembe wa binadamu

Sasa tunafika kwenye kiini cha hoja yetu. Katika misiba tumezoea kusema kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Ni neno la imani, nalo limewafariji wengi. Lakini neno hilo likiwa ndilo la kwanza na la mwisho katika kila habari ya ukumbusho, linaanza kutumika kuficha makosa ambayo si ya Mungu. Mungu hakuuza tiketi kupita idadi iliyoruhusiwa. Mungu hakuandika orodha ya abiria iliyopungua. Wapo abiria walioteremka pale Malindi usiku ule kwa sababu waliona kwa macho yao kwamba chombo kimeelemewa. Ikiwa abiria aliona, aliyepewa mamlaka ya kukagua aliona nini?

Tuangalie historia. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza, na zaidi ya watu 800 wakafa. Makaburi yao yako Igoma. Miaka 15 baadaye ikazama Spice Islander. Haukutimia mwaka, na tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit, chombo kilichoundwa Marekani kwa ajili ya maji yaliyokingwa na nchi kavu, kikazama karibu na Chumbe kikitokea Dar es Salaam katika upepo mkali, na kati ya watu wapatao 290 waliokuwamo, karibu nusu hawakunusurika. Safari hii Waziri wa Miundombinu na Mawasiliano wa Zanzibar, Hamad Masoud Hamad, alijiuzulu. Kisha tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu 228. Bukoba, Spice Islander na Nyerere, zote tatu zilitajwa kuwa zilibeba kupita uwezo wake.

Kati ya msiba mmoja na mwingine kulikuwa na siku za ukumbusho, kulikuwa na dua na hotuba. Hatudai kwamba mwandishi mmoja angeweza kuzuia meli isizame. Tunasema kwamba siku ya ukumbusho ni siku ambayo mwandishi ana sababu ya kwenda bandarini na daftari lake, na hakuna anayeweza kumuuliza anatafuta nini. Ni siku ya kuiuliza Mamlaka ya Usafiri Baharini: mapendekezo ya tume yalikuwa mangapi, na yaliyotekelezwa ni mangapi? Ni siku ya kuuliza kama orodha ya abiria inalingana na watu walio sitahani, kama majaketi ya kujiokolea yanatosha na ya watoto yapo, kama walioahidiwa msaada wameupata. Na pale palipofanyika jema pia lielezwe: Serikali ilinunua MV Mapinduzi II, iliyowasili mwaka 2015, na wananchi wana haki ya kujua inavyotunzwa.

Wapo watakaosema kwamba maswali hayo yanatonesha kidonda, au yanaingiza siasa katika maombolezo. Tunaheshimu hofu hiyo, kwa maana visiwa hivi vimeona machozi ya siasa. Hata hivyo tunajibu kwamba wafiwa hawajaacha kuuliza hata siku moja. Wanauliza barazani, sokoni na usiku kitandani. Swali linalokatazwa redioni haliishi, linahamia kwenye uvumi, na uvumi ndio unaozaa chuki kati ya Mpemba na Muunguja, kati ya chama na chama. Amani tunayoihubiri haiwezi kusimama juu ya maswali yaliyozikwa.

Shida za waandishi

Haki inatudai tuitaje pia mizigo ya waandishi wenyewe. Wengi wao hulipwa kidogo, na hufika kwenye shughuli kwa gari la mwenye shughuli. Mtu aliyekuja hivyo hawezi kwa urahisi kuanza habari yake kwa mjane. Wapo wanaoikumbuka sheria ya magazeti ya mwaka 1988 na nguvu ilizoipa serikali, na wapo wanaokumbuka jinsi gazeti la Dira lilivyofungiwa mwezi Novemba 2003. Hofu ya namna hiyo haitoki moyoni upesi.

Lakini Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, katika ibara ya 18, inampa kila raia haki ya kupewa habari za mambo yaliyo muhimu kwa maisha yake. Usalama wa meli kwa watu wa visiwani ni muhimu kama ulivyo usalama wa barabara na maji ya kunywa. Kanisa nalo, katika hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya vyombo vya upashanaji habari, iliyotolewa mwaka 1963, lilifundisha kwamba binadamu ana haki ya kupashwa habari, na kwamba habari hizo ziwe za kweli na zitolewe kwa kuheshimu utu. Mwandishi anayeuliza kwa adabu siku ya ukumbusho anatumia haki ya wote, wala havunji amani ya mtu.

Tufanye nini?

Sisi ni wachache katika visiwa hivi, na wengi wa waliozama walikuwa ndugu zetu Waislamu. Hatupaswi kujifanya wenye msiba. Lakini jirani mwema hangoji kualikwa matangani. Tunapendekeza haya.

Kwanza, kila parokia iwe na daftari la marehemu wa baharini. Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo waulize mitaani, kwa upole na kwa ridhaa ya wafiwa, majina ya waliozama, wawe wa dini yoyote. Majina hayo yatajwe katika sala za waamini Jumapili iliyo karibu na tarehe 10 Septemba na ile iliyo karibu na tarehe 18 Julai. Mwandishi akija kutuuliza, tuwe na majina ya kumpa, kwa wale ambao jamaa zao wamekubali.

Pili, tuwaandikie wahariri. Barua moja yenye sahihi za wasikilizaji ishirini, isiyo na matusi, inayoshukuru palipofanywa vema na kuomba palipopungua, husomwa. Tuwaombe jambo moja au mawili tu: wataje idadi kamili, pamoja na wasioonekana, na kila ukumbusho uwe na sauti ya mfiwa mmoja na swali moja juu ya usalama.

Tatu, tunapokaribishwa kwenye dua ya pamoja, twende. Na anayepewa nafasi ya kusema kwa niaba yetu aitumie kuwataja marehemu na kuwakumbusha wenye dhamana wajibu wao, kwa maneno mafupi.

Nne, sisi abiria tuache kushiriki katika kosa. Tuandikishe majina yetu kamili na ya watoto wetu tunapokata tiketi, tusipande chombo kilichojaa kwa sababu tuna haraka, na tunapoona hatari tuseme kabla ya kamba kufunguliwa.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya

1. Katika mtaa wetu, ni jamaa gani waliofiwa katika ajali za Spice Islander na Skagit? Tunayajua majina ya marehemu wao? Tuliwatembelea lini mara ya mwisho?

2. Tulisikia nini redioni, au tulisoma nini, siku ya ukumbusho iliyopita? Nani alitajwa kwa jina, na nani hakutajwa?

3. Tunaposema kwamba ajali ni kudra ya Mungu, ni wakati gani neno hilo linatufariji, na ni wakati gani linatuzuia kutenda wajibu wetu?

4. Ni jambo gani moja tutakalolifanya kabla ya tarehe 10 Septemba ijayo, na nani atalisimamia?

Tunawaombea marehemu wote wa baharini pumziko la milele, na wafiwa wao faraja. Tunawaombea waandishi wa habari ujasiri na unyenyekevu, na wenye mamlaka juu ya vyombo vya majini macho ya kuona kabla ya maafa. Mungu aibariki Zanzibar, na awafikishe salama wote wanaosafiri usiku huu.